Nta ya Nyuki Kwenye Dredi za Jenoveva

Jenoveva alizaliwa na kinyaa, na kwao upande wa Kifungilo walishamzoea. Mtoto wa miaka sita anakataa muhindi wa kuchoma kwa sababu aliyeugeuza jikoni alijikuna shingo kwanza. Mama yake alimchapa, akamwombea, mwisho akamwacha. Alipoolewa na Aron, dereva wa lori la kabichi, alikuja na kinyaa chake Lushoto mjini kama wenzake wanavyokuja na masanduku ya vyombo. Ukimkaribisha chai, kikombe anakigeuza kwanza, anakichungulia kama anatafuta aliyezama mle ndani, halafu anatia chai kidogo, anasuuza, anamwaga nje ya mlango, ndipo anakunywa. Msibani hali kitu. Harusini anakunywa soda tu, tena afungue mwenyewe. Mteja akipiga chafya kibandani kwake, anasimamisha mashine na kufuta sindano zote.

Kazi yake ni kufuma masweta ya shule. Kwa baridi ya kule mtoto haendi shule bila sweta, kwa hiyo kibanda chake jirani na stendi kimejaa uzi wa kila rangi: kijani ya shule hii, damu ya mzee ya shule ile, bluu iliyoiva ya sekondari. Mashine ikienda, vumbi la uzi linapaa, na yeye amejifunga kitambaa puani kama yuko wodini.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kichwa kile.

Miaka ishirini alikuwa akipaka dawa ya kulainisha nywele. Kila baada ya wiki nane, ritachi ya mashina yaliyoota. Dawa inanuka kama yai viza lililooshwa kwa sabuni ya chooni, inachoma mpaka machozi yanamtoka, naye anakaa kimya, kwa sababu nywele zikilala zinaonekana safi, na kwa Jenoveva usafi ni dini ya pili. Nywele zenyewe zikaanza kuhama. Zilianzia juu ya masikio, zikafuata za mbele, mpaka paji la uso likawa linakaribia utosini. Mara ya mwisho, mwaka juzi, ngozi ilitoka pamoja na povu. Kidonda kikatunga usaha. Wiki tatu Jenoveva alilala ameelekea ukutani, na kilichomnyima usingizi hakikuwa maumivu, ilikuwa harufu yake mwenyewe. Asubuhi foronya aliitoa nje kwa kijiti.

Kilipopona akaenda kwa Kuluthumu. Huyu ni binti wa Tanga, msusi, ana chumba nyuma ya soko, mikono yake mipole lakini mdomo wake hauna breki. Alimkalisha, akampasua nywele njia kwa njia, akapitisha kidole juu ya paji.

"Mama Benja," alisema, maana mtoto wa kwanza wa Jenoveva ni Benjamini, "hapa mbele mashina yamebaki ya kuhesabu. Dawa ukiirudia hata mara moja, hapa ni kipara mpaka kaburini. Na ukinyoa sikuahidi kitu. Nywele zilizochoka hivi, zikikatwa zingine hazirudi."

Jenoveva akauliza kilichobaki ni nini. Kilichobaki, akaambiwa, ni kuziacha zipumzike. Zisichanwe, zisipakwe dawa, zisipigwe moto. Zisokotwe dredi, ziachwe mwaka mzima, na zile za mbele zitapata nafasi ya kujaza. Hizi ndizo za mwisho, mama, tuzitunze au tuziage.

Dredi. Yeye ambaye akikutana na kijana mwenye dredi njiani alikuwa anavuka upande wa pili, huku akiwaza ni wadudu gani wamepanga mle ndani na kodi wanamlipa nani. Alikaa na neno hilo miezi kadhaa, kichwa kikiwa ndani ya kitambaa. Kisha mwezi wa nne, mvua zikinyesha, akaenda akakaa kwenye kiti na kufumba macho kama mtu anayeng'olewa jino. Kuluthumu akamsokota dredi arobaini na saba, nyembamba, kwa maji na mafuta kidogo ya nazi. Akampa masharti: usiguse, usisokote mwenyewe, usipake kitu chochote, osha kila baada ya wiki mbili.

"Zitatimka," alimwambia. "Zitatimka mpaka utanichukia. Ndivyo zinavyojifunga. Wewe vumilia tu."

Jenoveva alidhani anajua kutimka ni nini. Hakujua.

Wiki ya pili ukungu ulishuka kutoka msitu wa Magamba, ukakaa mjini siku nne bila kuaga. Zile nywele zilizokuwa zimelala zikainuka, unywele mmoja mmoja, zikachomoka pembeni ya dredi, kila mmoja na safari yake. Wiki ya tano kichwa kilikuwa kama brashi ya choo iliyostaafu. Dredi huzioni, nywele huzioni, ni manyoya tu. Akijitazama kwenye kioo anageuza uso. Kuosha nako balaa lingine, maana kwa hali ya hewa ya kule nywele zilizofungana hazikauki. Siku ya kwanza zinadondosha maji, siku ya pili zina unyevu, siku ya tatu zinanuka kama taulo la nyumba ya wageni. Na zinawasha. Mteja akigeuka anajikuna kwa sindano ya kufumia, polepole, halafu anainusa ile sindano, Mungu ndiye ajuaye kwa nini anainusa, halafu anaijutia pua yake asubuhi nzima.

Akaanza kujifunga mtandio, ameubana mpaka kwenye nyusi. Mtandio nao ukaleta ya kwake. Hassani, muuza viungo wa pale sokoni, akaanza kumwamkia kwa asalaam aleikum kila siku, kwa furaha kabisa, na mwezi huohuo mzee mmoja wa parokia akamvuta Aron kando kumuuliza taratibu kama nyumbani kuna jambo ambalo padri angepaswa kulijua. Aron alicheka njia nzima akirudi. Mkewe hakuona cha kuchekesha.

Aliyefurahi kuliko wote ni Janeth, dada yake Aron. Mwanamke mpana, mcheshi, kichwa anakinyoa kila baada ya wiki mbili na kukipaka mafuta mpaka taa ikiwaka unaiona mara mbili. Na alikuwa na sababu zake. Hakuna vikombe vilivyosuuzwa Lushoto nzima kama vya Janeth. Miaka kumi na minane wifi yake anakuja, anachungulia, anamwaga chai yake nje mbele ya wageni. Sasa kila siku ya soko akawa anapitia pale kibandani, anaegemea mlango.

"Wifi, kikohoze basi hicho kichwa tujue kama bado kizima."

Siku nyingine atauliza kuku aliyelalia kule juu ataangua lini. Kisha analeta ushauri wake uleule: nyoa, tutazifukia kwa heshima, na ubani tutachoma. Jenoveva alimjibu mara moja tu, mikono kwenye mashine.

"Sinyoi. Hata zikioza, zitaozea hapahapa kichwani."

Janeth akasema sawa, basi yeye ananunua ufagio, na kabla ya Krismasi atakuja kuzifagia mwenyewe. Hilo lilisemwa mbele ya wateja watatu, na wateja watatu wa Lushoto ni sawa na redio.

Basi uvumilivu ukawa na mashahidi, na uvumilivu wenye mashahidi ni mgumu zaidi. Kila wiki mbili alikwenda kwa Kuluthumu kuuliza kama hakuna namna. Kila mara Kuluthumu alimwambia namna ni kusubiri, mwezi wa nane au wa tisa zitaanza kutulia, asiguse. Jenoveva akarudi kibandani na manyoya yake, akavuta mtandio, akafuma sweta la mtoto wa mwenzie huku meno ameyauma.

Jirani yake pale ni Sefania, fundi viatu. Siku moja ya mwezi wa saba, baridi imekaza, Jenoveva alikuwa akimtazama anavyoandaa uzi wake. Ule uzi wa kushonea viatu una manyoya, unatimka. Sefania anaupitisha kwenye donge la nta ya nyuki, mara mbili, mara tatu, na manyoya yote yanalala, uzi unatoka umenyooka unang'aa. Jenoveva alisimamisha mashine. Miaka ishirini na mbili anakula kwa uzi na hakuwahi kuliona hili. Uzi ni manyoya yaliyosokotwa. Na hiki alichobeba kichwani ni nini?

Mwanamke mwingine angekwenda kumuuliza msusi. Lakini fundi hamuulizi mtu habari za uzi.

Jumamosi akapanda kwa mzee Paskali, anayetundika mizinga pembezoni mwa msitu. Akamwamkia shikamoo, akasema anataka nta ya kupakia uzi, akajiambia kwamba hapo hajadanganya sana. Mzee akampa donge kwenye kopo la majarini, akamwonya kwamba hajaichuja, masega yale yalikuwa na watoto wa nyuki. Jenoveva akachungulia. Kulikuwa na mabawa, na miguu, na vitu vyeupe vilivyojikunja. Kopo lile alilibeba kwa vidole viwili, mkono umenyooshwa mbele, kuteremka mlima mpaka nyumbani, na waliomwona walidhani amebeba nyoka.

Jumapili baada ya misa alikaa saa nzima anachokoa uchafu kwa sindano, mmoja baada ya mwingine, huku amegeuza uso, na hapo ndipo kosa lilipo, maana kazi ya kuchambua haifanywi ukiwa umegeuza uso. Alipoona imetosha akailainisha kwenye jiko la mkaa, akachanganya na mafuta ya mgando, akapaka dredi zote arobaini na saba kuanzia shinani mpaka nchani.

Na zililala. Tuseme kweli, zililala kama penseli kwenye boksi. Zikang'aa. Zikanukia asali. Jenoveva akatoka kichwa wazi kwa mara ya kwanza tangu Pasaka, akatembea mpaka sokoni na kurudi bila kununua kitu, na mama mmoja asiyemfahamu akamsimamisha kumuuliza nani kamtengeneza. Akajibu, "Nimejitengeneza mwenyewe." Alipolala siku hiyo alikuwa mtu mwenye amani.

Baridi ya Lushoto ikamshukia asubuhi ya Jumatatu.

Nta ikipata baridi inaganda, na ikiganda inakuwa nyeupe. Jenoveva alipojitazama kwenye kioo, kila dredi ilikuwa na vipande vyeupe, vidogovidogo, vimeng'ang'ania nywele kwa mpangilio. Hakuna mtu aliyesoma shule ya msingi asiyejua vitu vyeupe vinavyong'ang'ania nywele kwa mpangilio. Kichwa chake kilikuwa kimejaa kitu kama mayai ya chawa. Aliruka nyuma akagonga kabati.

Akajifunga mtandio akaenda kazini, na pale kazi ikaanza kumla. Vumbi la uzi lilipaa kama siku zote, lakini sasa lilikuwa na pa kutua. Liliingia chini ya mtandio, likanata. Jumatano dredi zilikuwa na kijani. Alhamisi zikawa na damu ya mzee na bluu. Aron alipomwona akivua mtandio alimuuliza taratibu, mke wangu, umeandikisha shule ngapi humo? Mto ulinata kichwani akainuka nao. Sisimizi waliifuata ile asali iliyobaki, akawakuta asubuhi wamepanga mstari kutoka dirishani, wanapita kwenye shuka, wanapanda. Harufu nayo ikageuka. Asali ikachacha, ikachanganyika na sufu na jasho la ngozi, ikawa harufu ya zizi ambalo mtu amemwagia soda.

Ijumaa akaosha kwa maji ya bomba na sabuni ya mche. Nta haisikii maji baridi. Ilichofanya ni kuchanganyika na sabuni ikawa uji wa kijivu, mzito, wenye nyuzi, unaoteleza vidoleni bila kutoka. Jenoveva alitazama mikono yake, akainama kando ya karai, akatapika chai ya asubuhi. Kwa Kuluthumu hakwenda. Angemwambia nini? Aliambiwa asipake kitu chochote, akapaka mzinga.

Jumamosi ilikuwa siku ya jumuiya, yaani wale majirani wa parokia wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba, na zamu ya siku hiyo ilikuwa kwa Janeth. Kutokwenda kwa mtu mwingine ungesingizia kuumwa. Kutokwenda kwa wifi yako ni tangazo. Jenoveva akajifunga mitandio miwili, mmoja juu ya mwingine, akaenda.

Sebule ya Janeth ni ndogo, watu walikuwa kumi na wawili, na kwa baridi ile ya saa moja asubuhi mwenye nyumba alikuwa ameweka jiko la mkaa katikati ya chumba, limewaka vizuri, na sahani ya vitumbua imeshaanza kuzunguka. Jenoveva alichagua kona ya mbali. Wakaja wachelewaji, wakamsukuma. Wakaja wengine, wakamsukuma tena. Rozari ilipoanza alikuwa amekaa kwenye kigoda, goti lake linakaribia kugusa jiko, na ubavuni mwake yuko Esta, mwanakwaya, amefungua kitabu cha nyimbo mapajani.

Fumbo la kwanza lilipita salama. Kwenye la pili ikaja harufu. Watu walisali huku pua zinatafuta. Kwenye la tatu Jenoveva alihisi kitu cha moto kinatembea nyuma ya sikio, kinaingia kwenye kola, kinateremka mgongoni taratibu kama kidole cha mtu usiyemjua. Akajipangusa. Kingine kikaja upande wa pili. Mtandio wa ndani ukalowa, ukateleza, wa nje ukaufuata, na yote miwili ikaanguka mabegani wakati watu wanasema utuombee sisi wakosefu.

Kikadondoka kitu mpaka kwenye kitabu cha Esta. Kilikuwa tone, la rangi ya udongo, na ndani ya tone alikuwamo mtoto mmoja wa nyuki, mnene, mweupe, amejikunja.

Esta alimtazama yule mdudu. Akamtazama Jenoveva kichwani, zile rangi, ule weupe uliobaki upande wa mbali na moto.

"Ni funza," alisema Esta, wala hakupaza sauti.

Mama mwenyekiti wa jumuiya aliruka mafumbo mawili akaenda moja kwa moja kwenye amina. Na kimya kilichofuata Jenoveva alikisikia vizuri, kwa sababu ndani yake kulikuwa na sauti moja tu: watu walikuwa wanarudisha vitumbua kwenye sahani. Kimoja kimoja. Wengine walishavimega. Waliovila walikaa wameshika matumbo yao wakitazama chini, na yeye, ambaye maisha yake yote ndiye amekuwa akirudisha sahani za watu, alijua kwa hesabu kamili kila mmoja anasikia nini kooni.

Akainuka, akatokea mlango wa nyuma, akakaa kwenye jiwe la kufulia. Mkoba alikuwa nao, na ndani ya mkoba wa fundi mkasi haukosekani. Akashika dredi moja ya mbele, ya pale juu ya paji, zile za kuhesabu. Ilikuwa ya moto na laini, imelala kiganjani kama utumbo. Akaiweka katikati ya mkasi.

Janeth alitoka anajifuta macho kwa kanga. Alikuwa amecheka, hilo halifichiki.

"Weka chini hicho kitu."

"Umeshinda," Jenoveva alisema. "Kalete ufagio wako."

"Nimeshinda nini? Unyolee uani kwangu, kesho mji mzima useme umetoka na funza kwa Janeth? Huyo mdudu kaanguka kwenye nyumba yangu, wifi. Ni wangu na mimi."

"Sio funza. Ni mtoto wa nyuki."

"Basi kamweleze Esta."

Ikabidi amweleze yeye. Uzi wa Sefania, kopo la mzee Paskali, sindano, kila kitu. Janeth alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akakaa chini kwenye majani akacheka mpaka akashika mbavu. Jenoveva alimwacha. Mkasi ulikuwa bado mkononi, dredi bado iko katikati. Alimwambia tu kwamba hizi zikikatwa hazirudi, Kuluthumu alishasema, na sauti yake haikuwa ya kugombana. Hapo Janeth akaacha kucheka. Alikuja karibu, akanusa, akakunja uso, akarudi hatua moja.

"Nta ikidondokea nguo ya mteja, wewe fundi unafanyaje?"

"Naweka gazeti juu na chini, napiga pasi. Gazeti linainywa."

Wakatazamana.

"Usiniangalie hivyo," alisema Jenoveva.

Lakini Janeth alikuwa ameshaingia ndani. Alitoka na pasi ya mkaa, ameijaza makaa ya jiko lilelile lililoleta aibu, na rundo la magazeti ya kufungia vitumbua. Akaburuta meza ndogo. Akaipangusa kwa mkono, akamwonyesha aweke kichwa. Wageni walikuwa wamesongamana dirishani, hakuna aliyekubali kuondoka. Jenoveva aliweka shavu kwenye ubao, akafumba macho, akasali yale mafumbo mawili yaliyorukwa.

Pasi ikapita juu ya gazeti. Ikatoka sauti kama ya kukaanga. Janeth alipoinua karatasi, kulikuwa na doa la njano linalopitisha mwanga, na ndani ya doa uzi wa kijani, mguu wa nyuki, na unga mwingine ambao hakuna aliyependa kuuliza umetoka wapi. Akasema kwa sauti ya mtu aliyebana pumzi kwamba hajawahi kuona uchafu kama huu tangu walipozibua choo cha parokia. Akageuza gazeti, akaenda dredi ya pili.

Ilichukua asubuhi yote. Kila dredi karatasi mbili, wakati mwingine tatu. Harufu ilikuwa ya mshumaa, sufu na kwato, na mara mbili ilikuwa ya nywele zinazoungua kweli; mara ya kwanza Jenoveva aliuma meza, mara ya pili Janeth mwenyewe aliogopa akampigia simu Kuluthumu. Mara nne Janeth aliacha pasi akaenda kutema mate kwenye migomba. Mara nne alirudi. Vidole vyake vilikuwa vimepata gamba la kijivu, na alikuwa anavitumia kutenganisha dredi moja na nyingine, shinani kabisa, ambako Jenoveva mwenyewe wiki nzima hakuthubutu kuweka mkono.

"Lala vizuri," alikuwa akimwambia. "Ukitikisika nakuchoma sikio, halafu utasema nimefanya makusudi."

"Utakuwa umefanya makusudi."

"Nusu."

Kuluthumu alifika mbio wako kwenye dredi ya arobaini na kitu. Alitazama pasi, akatazama magazeti, akaweka mikono kichwani. Alisema maneno mengi ya Kitanga ambayo kwa heshima ya umri wa Mama Benja aliyaelekeza kwa ile pasi. Nilisema zisipigwe moto, nilisema zisipakwe kitu, kuna kitu gani nilichosema ambacho hamkukifanya kinyume? Akaomba maji ya moto, beseni mbili na sabuni, akaosha kichwa mara tatu. Maji ya kwanza yalikuwa meusi na yana ngozi juu kama maziwa yaliyolala. Ya pili kijivu. Ya tatu ungeweza kuona kitako cha beseni.

Kisha akamkalisha juani, maana jua lilikuwa limepasua ukungu, akapitisha kidole kutoka sikio hadi sikio. Dredi sita zilikuwa zimeungua, akazikata bila kuuliza. Kwenye zile za mbele alikaa muda mrefu. Alivuta moja, taratibu sana. Akavuta ya pembeni yake. Kule dirishani vichwa viliongezeka.

"Zimeshika," alisema Kuluthumu. "Sijui mmefanyaje, lakini mashina yameshika. Tena hapa naona vinywele vipya viwili vitatu."

Zilipokauka zilitimka zote. Hapakubaki dalili ya penseli wala ya mng'aro, kila unywele uliokuwa umebanwa na nta ulitoka kwa hasira ya wiki nzima, na arobaini na moja zile zilisimama kichwani kama vifaranga walionyeshewa. Esta alimletea kioo kidogo kupitia dirishani, kwa ncha za vidole. Jenoveva alijitazama mara moja akakigeuza.

"Tumerudi mwezi wa nne," Kuluthumu alimwambia. "Ni mwaka mwingine kuanzia leo, mama, na hivyo ndivyo zitakavyokuwa. Utazivumilia?"

"Kuzivumilia nitazivumilia," alisema Jenoveva. "Kuzipenda usiniulize."

Janeth alikuwa anasukumiza magazeti kwenye shimo la taka kwa mti, akayatia kiberiti. Moshi ukaja upande wao, mzito, wa asali na nywele, na wote watatu wakaziba pua kwa pamoja.